Jiko jipya la kuchomea la nusu pipa: tuanze kuchoma nini?

Mwanga Sokoni #1
Wakuu, habari zenu. Fundi wa hapa Mwanga, Kigoma, kanikabidhi jiko la kuchomea leo jioni. Nusu pipa, miguu ya angle, wavu wa kunyanyua, mfuniko wa bawaba. Nje kalipaka rangi nyeusi, ndani hajapaka kitu. Jumamosi ya wiki ijayo wakwe wanakuja na treni kutoka Tabora, na hii ndiyo mara yao ya kwanza kulala kwangu.

Msimamo wangu ni migebuka, samaki wetu wa Ziwa Tanganyika. Mtu atoke Tabora mpaka ziwani, halafu umpe kitu ambacho angekula kwao? Mama watoto anasema kuku, maana baba yake hana uvumilivu na miiba. Shemeji yangu, ambaye hajawahi hata kununua mkaa wake, anasema jiko jipya halizinduliwi na kitu cha maana, lichomewe mahindi kwanza. Nyie mliotangulia, chakula cha kwanza kiwe nini, na kwa nini?

Kibirizi Gizani #2
Mgebuka. Mods fungeni uzi.

Bibi Chikichi #3
Msifunge. Mwanangu, mgebuka ngozi yake nyembamba na wavu wako bado haujala mafuta. Ukiugeuza, ngozi inabaki kwenye chuma, minofu inadondokea motoni, wewe unabaki umeshika mfupa na mkwe anakuangalia.

Anza na ndizi. Chukua mzuzu iliyoanza kuiva lakini bado ngumu, iweke na ganda lake. Ganda likiwa jeusi lote na likaanza kupasuka, geuza. Ukikosea moto ndizi haikuumbui, unamenya tu. Baada ya hapo mihogo: ichemshe nusu, ipasue, toa ule uzi wa katikati, iweke wavuni, ikishika rangi paka mawese na chumvi. Hapo jiko limeshakujua na wewe umeshalijua.

Tabora Damu #4
Nawaona watu wa Kigoma mnampangia mzee wa Tabora cha kula. Mpeni mbuzi huyo. Mbavu, chumvi, ndimu, basi. Samaki mtampa asubuhi na chai.

Kibirizi Gizani #5
#4 Samaki na chai ndiyo maana hatuji kwenu.

Fundi Ringi #6
Mtoa mada, kabla ya ndizi na mbuzi nijibu mambo mawili. Hilo pipa lilikuwa na nini? Na wavu ni chuma gani?

Mwanga Sokoni #7
Fundi kasema pipa lilikuwa la mafuta ya kula. Wavu sikumuuliza. Unang'aa.

Napita Zangu #8
Weka picha. Uzi wa kuchoma bila picha ni moshi tu.

Fundi Ringi #9
"Unang'aa" ndiyo inanitia wasiwasi. Angalia kwa karibu. Kama una maua maua ya kijivu, yale yanayoonekana kwenye bati jipya la kuezekea, hiyo ni zinki iliyopakwa juu ya chuma isishike kutu. Zinki inayeyuka kwenye nyuzi joto 420 hivi. Mkaa uliokolea na kupulizwa unapita hapo bila shida. Sisi wa kuchomelea tunaijua vizuri: ukichomelea bomba la zinki sehemu isiyo na hewa, usiku unashikwa na homa na baridi, kifua kinabana, asubuhi unaamka mzima unajiuliza ilikuwa malaria au nini. Sasa huo moshi sitaki uende kwenye mbavu za mkwe wako.

Dawa ni rahisi. Rudi kwa fundi, mwambie akutengenezee wavu wa nondo za milimita 6, nondo nyeusi za kawaida. Wanazo kwenye vipande walivyobakiza. Nafasi kati ya nondo na nondo iwe upana wa kidole, isizidi, la sivyo mishkaki na dagaa vyote vinaenda kwenye majivu.

Pipa nalo: hata kama lilikuwa la mafuta ya kula, lichome tupu kwanza. Jaza mkaa, acha uwake mpaka uishe, mfuniko wazi, nje kabisa. Rangi ya nje itatoa harufu na kubabuka pembeni ya moto, hilo ni kawaida. Ukiona ndani inatoa moshi mzito wenye harufu ya gereji, hilo halikuwa pipa la mafuta ya kula.

Kasulu Kwetu #10
Sisi huku tunachomea wavu wa banda la kuku miaka yote, ule ule wa zinki, na wazee wapo wana miaka 80. Mnatutisha.

Fundi Ringi #11
#10 Wazee wako wanachomea mahindi kwenye mafiga, moto wa chini na wavu uko juu. Sikusema kila anayeugusa anakufa. Nimesema kama una uchaguzi, chagua nondo.

Kasulu Kwetu #12
Si mnakunywaga maziwa nyie mafundi, yanaondoa?

Fundi Ringi #13
Tunakunywa. Wengine wanaapa kabisa kwamba yanasafisha kifua. Mimi nayanywa kwa sababu nayapenda, lakini homa yenyewe nimeipata nikiwa nimekunywa na nikiwa sijanywa.

Zamu ya Usiku #14
Maziwa yanaenda tumboni, moshi unaenda kwenye mapafu. Njia mbili tofauti hizo. Fungua madirisha, fanyia kazi nje.

Kuhe Mkubwa #15
Turudi kwenye mada. Naona wote mnachagua chakula kwa jina, wakati jiko la nusu pipa lina tabia yake. Lina kina kirefu, mkaa unakaa mbali na wavu, halafu lina mfuniko. Hilo si jiko la mishkaki. Mishkaki inataka mkaa karibu na moto wa haraka, ndiyo maana wauza mishkaki wa stendi wana visanduku vyembamba visivyo na kina. Ukiweka mishkaki kwenye pipa unaikausha polepole mpaka iwe kamba.

Jiko lenye mfuniko linakupa kitu kingine. Sogeza mkaa wote upande mmoja. Upande wa mkaa una moto mkali, upande wa pili una joto tu. Nyama nene ianzie kwenye joto na mfuniko ukiwa umefungwa, ikikaribia kuiva ihamie kwenye moto ipate rangi. Kwa hiyo mimi nasema chakula cha kwanza kiwe kuku wa kisasa aliyepasuliwa mgongoni na kulazwa wazi. Ana mafuta yake, hahitaji kuchemshwa, na utajifunza pande zote mbili za jiko kwa mlo mmoja.

Kujua mkaa umefika: usiweke chakula ukiona ndimi za moto. Subiri mkaa uvae majivu ya kijivu. Halafu weka kiganja juu ya wavu, usiuguse. Ukishindwa kuvumilia baada ya kuhesabu tatu, huo ni moto wa rangi. Ukifika sita, huo ni wa kuivisha.

Mama Watatu Gungu #16
#15 umesema vizuri kaka, lakini kuku kwa wakwe awe wa kienyeji. Broila unampa mkwe? Ataenda kusimulia Tabora nzima.

Kuhe Mkubwa #17
Wa kienyeji sawa dada, ila chemsha kwanza na tangawizi na kitunguu saumu mpaka paja lianze kulegea. Ukimweka mbichi kwenye pipa, nje anakuwa mkaa na ndani anataka kukimbia.

Zamu ya Usiku #18
Nyongeza kwa wote wa kuku: nyama ya kwenye fupanyonga na kwenye kiungo cha paja ndiyo inayochelewa. Kitaalamu inatakiwa ifike nyuzi 74. Wengi hatuna kipimajoto, kwa hiyo kata pale kwenye kiungo uone. Usiamini rangi ya ngozi, mkaa unadanganya.

Kibirizi Gizani #19
Uzi umeibiwa na wafuga kuku. Mleta mada kaomba ushauri wa mgebuka.

Kitu hamjamwambia: Jumamosi hiyo mwezi unakuwa mpevu. Wavuvi wa usiku wa taa hawatoki, au wakitoka wanarudi na mapipa matupu, kwa sababu dagaa hawaifuati taa kukiwa na mbalamwezi, na mgebuka anafuata dagaa. Utakachokikuta mwaloni Kibirizi siku hizo ni cha barafu au cha bei ya harusi. Anunue mapema wiki hii, giza halijaisha.

Tabora Damu #20
Kwa hiyo hata mgebuka wenyewe wamemkataa. Mbuzi haangalii mwezi.

Mzee wa Ujiji #21
#19 sahihi. Bado ni afadhali kuliko 2024 ziwa lilipofungwa, uvuvi marufuku, miezi minne. Mji mzima tulikula nyama na maharage.

Kuhe Mkubwa #22
Mzee, mitatu. 15 Mei hadi 15 Agosti.

Mzee wa Ujiji #23
Mitatu, sawa. Tumbo langu lilihesabu minne.

Dada wa Mwandiga #24
Samahani naingilia. Kwani kwa nini msimpe sangara? Ana minofu minene, hashiki wavu, miiba yake mikubwa unaiona. Mkwe asiyependa miiba atamfurahia. Mgebuka na sangara ni samaki tofauti kabisa.

Kuhe Mkubwa #25
Si tofauti kabisa. Ni ukoo mmoja, wote ni Lates. Ziwa Tanganyika lina aina nne za Lates za kwake peke yake, na mgebuka, Lates stappersii, ndiye mdogo kuliko wenzake. Sangara wa Mwanza ni Lates niloticus, na yeye kule ni mgeni, alipandikizwa karne iliyopita. Lakini hoja yako ya miiba na minofu nakubaliana nayo. Na kama ni minofu, kuhe, samaki mwingine wa ziwa letu, anampita.

Kibirizi Gizani #26
Jina lako linakufanya upendelee.

Bibi Chikichi #27
Mmesahau jiko. Likishachomwa tupu kama alivyosema Fundi Ringi, wavu ukiwa bado wa moto, chukua kitambaa kwenye kijiti, chovya mawese, paka. Acha uwake tena. Rudia mpaka uwe mweusi unaong'aa. Na kuwashia, usitumie mafuta ya taa, harufu yake haitoki kwenye chakula. Tumia nyuzi za chikichi zilizobaki kwenye kukamua, zinashika moto hata zikiwa na unyevu.

Kuhe Mkubwa #28
Bibi, shikamoo. Nyuzi za chikichi naunga mkono kwa mikono miwili. Mawese ya kupaka wavu hapana. Mafuta yanayojenga ule weusi kwenye chuma ni yale mepesi, alizeti kwa mfano, kwa sababu yakipata moto yanakauka na kushikana na chuma. Mawese nusu yake ni mafuta ya kuganda, yanabaki yananata.

Bibi Chikichi #29
Marahaba. Chungu changu cha chuma kina umri kukuzidi na hakijawahi kuonja alizeti.

Napita Zangu #30
Hapo Bibi kamaliza. Picha bado.

Mwanga Sokoni #31
Wakuu nawashukuru. Mrejesho.

Fundi kanibadilishia wavu, nondo nyeusi, kanitoza fedha ya kuchomelea tu. Nimelichoma jiko tupu jana. Nje rangi imebabuka kama alivyosema Fundi Ringi, ndani moshi ulikuwa mweupe halafu ukaisha, harufu ya gereji hakuna. Nikapaka alizeti nusu ya wavu na mawese nusu nyingine, ili Bibi na Kuhe wasinilaumu.

Leo jioni nimeweka ndizi na mihogo. Zimetoka vizuri mno, watoto wamemaliza kabla sijakaa. Mkaa ulikuwa bado una nguvu, nikaweka mgebuka mmoja nilioununua Kibirizi, mbichi wa leo leo. Nimeuchanja pande zote, chumvi, ndimu, kitunguu saumu. Sasa nielezeni hili. Upande wa kwanza ngozi yote imebaki kwenye wavu, kuanzia shingoni hadi karibu na mkia. Upande wa pili umetoka mzima, wa dhahabu, mistari ya nondo imejichora. Samaki mmoja, wavu mmoja, moto mmoja. Kwa nini?

Kuhe Mkubwa #32
Upande gani ulikuwa kwenye alizeti?

Mwanga Sokoni #33
Samaki aliwekwa katikati, kichwa kwenye alizeti, mkia kwenye mawese. Ngozi imebanduka sehemu zote mbili, ila ya mkiani kidogo imepona.

Bibi Chikichi #34
Mkiani ni kwenye mawese. Nimenyamaza.

Fundi Ringi #35
Mafuta hayahusiki. Ulipotoa ndizi na mihogo uliacha wavu ukae? Mihogo ina maji, wavu ulipoa. Samaki akilazwa kwenye chuma ambacho hakijapata moto wa kutosha anashikana nacho wakati kinapanda joto. Ulipomgeuza, upande wa pili ulikuta chuma kimeshakolea. Ndiyo maana.

Kibirizi Gizani #36
Wavu uliokuwa juu ya mkaa jioni nzima upoe kwa mihogo? Tatizo ni ndimu. Upande wa chini ulikuwa umelowa, juisi ya ndimu na maji ya chumvi vyote vilikusanyikia chini kwenye sahani. Upande wa juu ulikaa unapigwa na joto kutoka chini na upepo kutoka ziwani, ukakauka. Ngozi kavu haishiki. Sisi tunamwanika mgebuka kidogo kabla ya kumchoma, kwa uzi wa mdomoni, mpaka ngozi ikiguswa haigandi kwenye kidole. Ndimu ni ya mezani.

Mama Watatu Gungu #37
Au uligeuza mapema. Samaki akiiva chini anajiachia mwenyewe. Ukimlazimisha anakuachia ngozi. Upande wa pili ulimsubiri kwa sababu ulikuwa umeshaogopa.

Mwanga Sokoni #38
#37 kwa sehemu kidogo, ya kuogopa ni kweli. Ila nilisubiri pande zote mbili karibu sawa, mama watoto ni shahidi, alikuwa anahesabu kwa sauti ili nikosee.

Dada wa Mwandiga #39
Mimi nadhani mafuta ya samaki mwenyewe. Upande wa kwanza ulipoiva mafuta yalitoka yakapaka nondo. Upande wa pili ukakuta nondo zimepakwa tayari. Mgebuka ana mafuta.

Kibirizi Gizani #40
Mgebuka ana mafuta? Nani kakwambia? Dagaa ana mafuta. Mgebuka mkavu.

Dada wa Mwandiga #41
Inategemea wa lini. Mama yangu anauza, na kuna miezi ukimpasua unaona mafuta tumboni.

Fundi Ringi #42
Mkuu, uliuweka pale pale palipotoka ngozi au ulihamisha?

Mwanga Sokoni #43
Nilihamisha. Nilisogeza upande wa bawaba kwa sababu pale kati palikuwa na ngozi.

Fundi Ringi #44
Basi nondo ni tofauti. Kati kuna sehemu niliyoiona kwenye picha uliyonitumia pembeni, mabaki ya kuchomelea, vipele vidogo vidogo. Mwambie fundi apige msasa. Ngozi inakamatwa na vile vipele.

Napita Zangu #45
Kumbe picha zipo na zinatumwa pembeni! Huu ni ubaguzi.

Tabora Damu #46
Mbavu za mbuzi hazina ngozi. Nasema tu.

Mzee wa Ujiji #47
Nunueni ule wavu wa kubana, wenye mikono miwili, samaki anakaa katikati unamgeuza na wavu wake. Wanauza sokoni. Tatizo limeisha.

Kibirizi Gizani #48
Mzee, ngozi itabaki kwenye wavu wa kubana badala ya wavu wa jiko. Umehamisha tatizo.

Mchoma Mvua #49
Mgeni humu. Nami nina jiko la pipa, ila mvua za huku hazinipi nafasi jioni. Mnachomaje mvua ikinyesha? Nimefikiria kuliingiza sebuleni nifungue mlango.

Zamu ya Usiku #50
#49 USILIINGIZE NDANI. Mkaa hata ukiwa hautoi moshi unatoa hewa ya kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu. Unaanza kuumwa kichwa, unasinzia, unadhani ni uchovu. Mlango mmoja hautoshi. Na ukimaliza kuchoma usilihifadhi ndani likiwa na mkaa wa moto kwa ajili ya joto. Jenga kibanda cha bati nje, pande zote wazi.

Mchoma Mvua #51
Nimeelewa, asante.

Kasulu Kwetu #52
Na mkaa wenyewe mnatumia upi? Huku wanatuuzia mkaa wa miembe, unawaka kama gazeti, kabla maji hayajachemka umeisha.

Kuhe Mkubwa #53
Tafuta wa miti ya miombo, mtundu na wenzake. Ukigonga vipande viwili vinalia, vya miembe vinatoa sauti ya mfu. Tena usiongeze mkaa mbichi chakula kikiwa juu, una moshi mwanzoni. Washa pembeni, uukolee, ndiyo uhamishe.

Mwanga Sokoni #54
Wakuu, kikao cha nyumbani kimekaa. Mama watoto kampigia baba yake kumuuliza moja kwa moja. Mzee kajibu anataka dagaa wa kukaanga na ugali wa muhogo, nyama anakula kila siku kwao.

Kibirizi Gizani #55
Mzee ana akili.

Tabora Damu #56
Hapana. Huyo anawaonea huruma na hilo jiko lenu.

Bibi Chikichi #57
Dagaa hata wavuni wanaenda, kwenye jani la mgomba. Osha, chumvi, pilipili, kitunguu, mawese kijiko, funga kwenye majani mawili, weka upande usio na mkaa. Jani la nje liungue.

Kuhe Mkubwa #58
Hiyo nakubali bibi, mawese na yote. Ila jani lipitishe motoni kwanza lilegee, likiwa bichi linapasuka ukilikunja.

Mwanga Sokoni #59
Na kuku?

Mama Watatu Gungu #60
Kuku anabaki. Mkwe anasema hivyo kwa adabu. Wewe chinja.

Fundi Ringi #61
Chinja, ila piga msasa kwanza.